Kompyuta imegoma kuwaka baada ya kuongeza kasi ya prosesa: feni zinazunguka, skrini nyeusi

Kijana wa Limbani

Assalaam alaykum wadau. Nipo Wete, kazi yangu kuhariri video za harusi. Mashine nimeiunga mwenyewe: prosesa Ryzen 5 3600 na feni yake ile ya ndani ya boksi, madabodi ya B450, ramu gigabaiti 16 kwa vijiti viwili, kadi ya grafiki ya mtumba. Kurenda (kuitoa video iliyohaririwa iwe faili kamili) kulikuwa kunanichelewesha, nikaingia bayosi (BIOS, programu ya madabodi inayoamsha mashine) nikaipandisha prosesa gigahezi 4.4 kwa volti 1.42, viini vyote sita. Windows ikafunguka vizuri tu. Nilipoanza kurenda ikaganda, nikaizima kwa kushikilia swichi. Tangu hapo nikiwasha feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini haina kitu.

Fundi wa hapa mtaani kaniambia madabodi imeungua, ninunue nyengine. Kuna harusi ya watu ndani ya mashine hiyo na wenyewe wanaisubiri. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

Fundi Mlandege

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza. Harusi ya watu ipo kwenye diski, na diski haijaguswa na hili.

Sikiliza kinachotokea. Ile 4.4 na ile 1.42 hazikuhifadhiwa ndani ya Windows, zimehifadhiwa kwenye madabodi. Kila ukibonyeza swichi, bayosi inaisoma mipangilio ile na kuiamrisha prosesa iamke kwa kasi hiyo hiyo iliyoishinda. Na prosesa isipoamka, hakuna wa kukuandikia chochote kwenye skrini, maana ujumbe wowote unaouona pale mwanzo umetayarishwa na prosesa yenyewe. Ndiyo maana unaona weusi mtupu. Mashine ya namna hii mara nyingi haijafa, imeshikwa na mipangilio. Mie huumia sana kuona vijana wanauziwa madabodi kwa tatizo la jampa moja, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini za madabodi.

Aliyekwambia imeungua muulize kapima kwa kitu gani. Prosesa za siku hizi zina ulinzi wake: joto likikaribia kikomo, na kikomo cha hiyo yako ni nyuzi 95, inajipunguza kasi yenyewe, na likizidi inajizima. Kuungua kwa jaribio moja la volti 1.42 si jambo la kawaida. Volti kubwa huila prosesa polepole, kwa miezi.

Nijibu haya kabla hatujafungua chochote. Waya wa skrini umeuchomeka wapi, kwenye kadi ya grafiki au kwenye tundu la madabodi? Ryzen 5 3600 haina grafiki ndani yake, kwa hiyo tundu la HDMI la madabodi kwako ni pambo, hata mashine ikiwa nzima halitatoa picha. Pili, tazama ukingoni mwa madabodi, karibu na ramu, kama pana vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kipi kinabaki kimewaka? Tatu, ukiiacha inabaki inawaka muda wote, au inazima na kujiwasha?

Kijana wa Limbani

Waya nilikuwa nimeuhamishia kwenye madabodi nikidhani kadi ndiyo mbovu. Nimeurudisha kwenye kadi, bado nyeusi. Vitaa vipo. Cha CPU kinawaka kidogo kinazimika, cha DRAM kinabaki. Na inajizima na kujiwasha, baadaye inatulia na weusi wake.

Ile betri ya bayosi nilishaitoa na kuirudisha, kaka. Haikubadilika kitu.

Mvuvi wa Data

Tatizo lako umeipa volti ndogo. Prosesa ikishindwa kasi inataka umeme zaidi. Ikiwaka tu weka 1.5, utanishukuru.

Fundi Mlandege

Mvuvi, samahani, hilo nalipinga kabisa na naomba kijana asilifuate. Joto la prosesa linapanda kwa kasi mara volti, na volti yenyewe inahesabiwa mara mbili, yaani volti kwa volti. Chukua mfano: mashine inayotumia volti 1.30 kwa gigahezi 4.2. Ipeleke 4.4 kwa 1.42. Kasi imeongezeka kiasi cha asilimia 5, ila umeme unaogeuka joto umeongezeka robo nzima. Ipeleke 1.5 kama unavyosema, unakaribia asilimia 40 ya ziada. Ile feni ya ndani ya boksi haikutengenezwa kwa mzigo huo. Kitakachofuata ni kuganda kulekule, isipokuwa safari hii unaila prosesa.

Sasa kijana. Kitaa cha DRAM kubaki hakina maana ramu imekufa. Kwenye Ryzen anayezungumza na ramu ni prosesa yenyewe, ndani yake, kwa hiyo prosesa iliyopotea njia huonekana kama ramu mbovu. Na kule kuzima na kujiwasha ni madabodi inajaribu kuipata ramu kwa njia nyengine. Hiyo ni dalili nzuri, kitu kilichokufa hakijaribu.

Kuhusu betri: ulipoitoa, waya wa umeme ulikuwa umechomolewa ukutani? Au uliizima tu kwa swichi ya mbele?

Kijana wa Limbani

Niliizima tu. Waya ulikuwepo.

Fundi Mlandege

Basi hapo ndipo penyewe. Pawasaplai ikiwa imechomekwa, hata mashine ikiwa imezimwa, inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri. Ndizo zinazofanya kibodi ibaki na taa wakati mashine imelala. Umeme huo unatosha kuilinda mipangilio, betri iwepo isiwepo. Tena kwenye baadhi ya madabodi za karibuni mipangilio mingi inakaa kwenye chipu isiyohitaji umeme wa betri hata kidogo, jampa ndiyo inayoamrisha ifutwe. Fanya hivi, taratibu.

Chomoa waya ukutani. Kama una UPS, chomoa kutoka UPS. Kisha shikilia swichi ya kuwashia kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki imalizike, wakati mwengine utaona feni inatikisika kidogo halafu inakufa. Toa betri, ile duara ya CR2032. Ukiwa na mita, ipime: mpya ina volti 3 na kidogo, ikiwa imeshuka sana ibadilishe, ni kitu cha bei ndogo. Halafu tafuta pini mbili au tatu zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1, mara nyingi zipo karibu na betri au chini kabisa ya madabodi. Zikiwa tatu na jampa juu yake, ihamishe kutoka 1-2 kwenda 2-3, hesabu polepole mpaka kumi, irudishe. Zikiwa mbili hazina jampa, zigusanishe kwa ncha ya bisibisi muda huo huo. Waya wa umeme usiwepo, nasisitiza.

Umeshafungua, toa ramu zote mbili, rudisha kijiti kimoja tu. Madabodi zenye tundu nne huwa zinapendelea la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kabla hujarudisha, angalia meno ya dhahabu. Huku kwetu chumvi ya bahari inaingia kila pahala, na ramu iliyokaa miaka karibu na pwani hufanya ukungu wa kijani ambao jicho haliuoni ovyo. Futa kwa raba ya shule, pangusa vumbi lake. Na ubonyeze vizuri ule waya wa pini nane ulio juu ya madabodi upande wa prosesa. Ukilegea, feni zote zitazunguka na mashine haitaamka.

Ukishawasha, subiri. Kuamka kwa mara ya kwanza baada ya kufuta ni kurefu, itazima na kuwaka mara kadhaa. Iache dakika kadhaa bila kugusa swichi. Wengi wanakatiza hapa wakidhani imeshindwa.

Dada wa Fuoni

Kaka fundi, naingilia kidogo. Mie nina OptiPlex ya mtumba, i5-4590, nataka kuiongeza kasi kwa ajili ya kazi za uhasibu. Nitaweza bila kufika alipofika huyu?

Fundi Mlandege

Dada yangu, hiyo imefungwa kiwandani. Kwa Intel za kizazi hicho lazima prosesa iwe na herufi K mwishoni, mfano i5-4690K, na madabodi iwe ya Z, kama Z87 au Z97. Mashine za ofisi hazina hivyo viwili. Weka SSD na uongeze ramu, kazi za uhasibu utaziona zimebadilika kuliko ovakloki (kuongeza kasi) yoyote. Usimpe mtu pesa akuongezee kasi hiyo prosesa.

Kijana wa Limbani

Allahu Akbar! Imewaka! Imezunguka kuzima na kuwaka kama ulivyosema, nikaiacha, ikatoa maandishi kwamba mipangilio imerudi ya mwanzo, nibonyeze F1. Nimeingia bayosi, inasoma prosesa 3.6 na ramu 2133.

Ila Windows haifunguki. Inasema hakuna diski ya kuanzia. Kwenye bayosi SSD naiona jina lake. Moyo umenirudi tumboni.

Fundi Mlandege

Alhamdulillah. Tulia, na chonde usiingize Windows upya, watu wengi wamepoteza kazi zao hapa hapa.

Ulipofuta ovakloki umefuta na mipangilio mengine yote ambayo Windows yako iliizoea. Matatu ndiyo husumbua. La kwanza, namna ya kuanza: kama Windows iliingizwa kwa mtindo wa zamani, diski ina mpangilio wa MBR, na bayosi iliyorudi kiwandani inatafuta UEFI, mtindo mpya, peke yake, basi itaiona diski lakini haitaona pa kuanzia. Tafuta CSM (mpangilio unaoruhusu mtindo wa zamani), iwashe, hifadhi, jaribu. La pili, SATA, njia ya kuzungumza na diski: ikiwa imerudi kwenye IDE au RAID na awali ilikuwa AHCI, utapata skrini ya buluu iliyoandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Irudishe AHCI. La tatu, kwa aliyefunga diski yake kwa BitLocker, kubadilika kwa fTPM (hifadhi ya siri za usalama ndani ya prosesa) kunaweza kumletea Windows inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, autafute kwa simu.

Kwa maelezo yako nadhani lako ni la kwanza. Rekebisha na tarehe pia. Saa ikiwa imerudi miaka nyuma, tovuti zitakataa kufunguka na utadhani ni tatizo jengine.

Kijana wa Limbani

CSM ndiyo. Windows imefunguka, harusi yote ipo, nimeshaikopi kwenye diski ya nje kabla ya chochote. Nimerudisha kijiti cha pili cha ramu, sawa.

Kimebaki kitu kimoja: programu ya kuhariri inafunga ghafla, na mara moja imekuja skrini ya buluu. Sijagusa kasi tena.

Fundi Mlandege

Ulivyoikopi kwanza umefanya jambo la maana kuliko yote.

Prosesa isiyotulia haigandi tu, inakosea hesabu, na hesabu iliyokosewa ikiandikwa kwenye diski inabaki pale hata ukishapunguza kasi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sfc /scannow (inakagua mafaili ya Windows), iache imalize. Kisha chkdsk C: /f (inakagua diski), itakwambia itafanya ukiwasha upya, kubali. Usiku iache na MemTest86 kwenye flashi mpaka asubuhi. Ikitoa kosa hata moja kwa mipangilio ya kiwandani, basi ramu ina lake.

Skrini ya buluu iliandika nini? WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT ni lugha ya prosesa iliyozidiwa au iliyokosa volti. Ikiwa ni nyengine, tutaangalia madereva, yaani programu zinazoendesha vifaa.

Kijana wa Limbani

Sikuwahi kuisoma. Nimefanya sfc, imesema imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyatengeneza. Usiku mzima MemTest86 haikutoa kosa. Leo nimerenda harusi yote mpaka mwisho bila kuganda. Mungu akulipe, kaka.

Sasa niulize bila kunikasirikia: nikitaka kuipandisha tena kwa utaratibu, nifike wapi? Na kwa nini Windows ilifunguka vizuri mara ya kwanza kama 4.4 ilikuwa haiwezi?

Fundi Mlandege

Kukasirika kwa nini, swali zuri hilo.

Windows kufunguka ni kazi nyepesi. Kurenda kunavifanyisha kazi viini vyote sita kwa pamoja, umeme unavutwa kwa nguvu, na volti inayofika kwenye prosesa inashuka chini ya ile uliyoandika. Ile 1.42 ya kwenye bayosi inaweza kuwa pungufu kabisa wakati wa mzigo, na hapo hapo joto linapanda. Prosesa ikakosa pande zote mbili. Ndiyo maana anayesema "imefunguka, basi imekubali" hajapima kitu.

Ufike wapi? Nakwambia kwa dhati, na prosesa hii kuifunga kasi moja sikushauri. Toka kiwandani ni 3.6, lakini inajipandisha yenyewe mpaka 4.2 joto na umeme vikiruhusu. Ukiifunga 4.2 au 4.3 kwa mkono, unapata asilimia chache wakati wa kurenda na unaiondolea akili ya kujipandisha na kujishusha. Faida kubwa kwako ipo pengine. Ramu yako ulisema imerudi 2133. Kama vijiti vimeandikwa 3200, washa XMP (mpangilio wa bayosi unaoipa ramu kasi iliyoandikwa juu yake), maana Ryzen hii imethibitishwa na AMD mpaka 3200 na inasikia sana kasi ya ramu. Ikigoma kuwaka na XMP, dawa ni jampa ile ile. Na kama programu yako inaweza kuitumia kadi ya grafiki kurenda, iruhusu, utaokoa muda ambao hakuna gigahezi itakayokupa.

Jambo linalonikera kwenye mafunzo mengi ya mtandaoni ni kwamba yametengenezwa na watu wenye vyumba vya baridi. Joto la prosesa ni joto la chumba na juu yake. Mashine unayoipima usiku wa Julai, kipupwe, chumba nyuzi 25, ikasoma 86 wakati wa kurenda, ukaridhika. Ikifika Februari, kaskazi inavuma, dirisha wazi na chumba nyuzi 33, mzigo ule ule unasoma 94. Umebakiwa na nyuzi moja. Hakuna kilichoharibika wala hakuna uliyemkosea, ni msimu tu umegeuka. Wateja wangu wengi wa "imeanza kuganda yenyewe" huja miezi hiyo. Kwa hiyo ukipima kipupwe, jiachie nyuzi kumi za akiba. Mie huku siridhiki na zaidi ya 80 kwa mashine ya kazi.

Ukiamua hata hivyo kujaribu, panda megahezi 25 kwa 25, usiguse ramu na prosesa siku moja, na kila hatua ipe mzigo wa kweli nusu saa, Cinebench au OCCT, huku HWiNFO ikionesha joto. Volti kwa hiyo yako nisingependa ipite 1.30 kwa kazi ya kila siku. Kabla ya kuanza, piga picha kila ukurasa wa bayosi kwa simu, ile CSM na SATA zisikusumbue tena.

Mvuvi wa Data

Nimefuata hesabu ya volti kwa volti, nimeelewa, nimerudisha yangu chini. Suala langu jengine: umeme ukipanda na kushuka huku kwetu unaweza kuleta dalili hizi hizi?

Fundi Mlandege

Ahsante, Mvuvi. Ndiyo, unaweza. Pawasaplai nzuri inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 na kuzisawazisha yenyewe, haitishiki sana. Zile za bei rahisi zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma hazina uwezo huo, na kiswichi kikikutwa kwenye 115 ukachomeka hapa kwetu, italipuka hapo hapo. Mashine iliyoongezwa kasi kwenye pawasaplai dhaifu huganda mzigo ukipanda, unabaki kuilaumu prosesa. Kwa anayerenda, UPS ni ya lazima, umeme ukikatika katikati ya kuandika faili hakuna sfc itakayolirudisha. Na pawasaplai isifunguliwe nyumbani, kapasita zake zinashika chaji hata waya ukiwa umetolewa.

Kijana wa Limbani

Nimewasha XMP, 3200 imekubali. Kurenda joto linafika 84 na sasa hivi huku kuna upepo. Kwa hesabu yako kaskazi sitoboi. Nimepata kipozaji kikubwa cha mnara hapo Darajani, jamaa atanipakilia kwenye boti mpaka Mkoani. Kuna cha kuangalia kabla sijalipa?

Fundi Mlandege

Viwili. Ile feni ya boksi uliyonayo inafungwa kwa skrubu nne moja kwa moja kwenye bamba la nyuma, na kuifunga ulilazimika kuvitoa vile vipande viwili vya plastiki vilivyokuja na madabodi. Vipozaji vingi vya mnara vya AM4 (aina ya soketi ya prosesa yako) vinang'ang'ania vipande hivyo hivyo. Vitafute kwenye boksi la madabodi leo, na kama umevitupa, mwambie jamaa ahakikishe kipozaji kina vya kwake.

La pili ndilo linaloua prosesa za watu. Pesti iliyokauka, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozaji, inashika kama gundi, na pini za AM4, zote 1331, zipo kwenye prosesa yenyewe. Ukiivuta feni juu kwa nguvu, prosesa inang'oka nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zinapinda. Renda kitu dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, legeza skrubu kwa mkingamo. Kisha uizungushe feni kulia na kushoto mpaka uisikie imeachia, ndipo uinue. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati. Ikikaa, nitumie picha ya HWiNFO ukiwa katikati ya kurenda.